Kikohozi hakikatiki, kifua kinabana: fanya hivi hatua kwa hatua (Lamu na Malindi)

Hii nimeiandika kwa watu wazima ambao wamekohoa mpaka nyumba nzima ishazoea, na kwa watoto wao ambao ndio huwapeleka hospitali. Mimi niko kwenye kazi ya afya ya jamii hapa Malindi na kwetu asili ni Lamu, na kitu kinachoniuma roho ni kimoja, mtu anakohoa miezi sita, ashakunywa chupa za dawa ya kikohozi hazina idadi, ashadungwa sindano za kifua duka la dawa, ashamaliza antibayotiki za kila rangi, na hakuna hata siku moja amepimwa akaambiwa una ugonjwa fulani. Pumu, TB, mapafu yaliyoharibiwa na moshi, moyo, hata dawa ya presha, zote hizi zaweza kuanza na kikohozi kile kile na matibabu yao hayafanani hata kidogo. Kwa hivo jua kwanza unaumwa nini, halafu ndio utumie dawa, na uitumie sawasawa.

Kabla hatujaanza, haya hayangoji

Mtu hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatika pumzi, ulimi au ufizi umekuwa wa buluu au kijivu, amechanganyikiwa au analegea na usingizi, anakohoa damu nyingi, au kifua kimemchoma ghafla na pumzi zikawa fupi. Hapo usiendelee kusoma, mpelekeni hospitali saa hii, Lamu ni King Fahd, Malindi ni ile hospitali ya serikali ya kaunti ndogo. Na nyinyi wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini mnajua vile safari ya boti inategemea maji na upepo, kwa hivo nyinyi muondoke mapema kuliko mtu wa Langoni ambae hospitali iko karibu, au muanzie kituo cha afya kilicho karibu mgonjwa apate oksijeni na dawa ya kuvuta huku boti ikitafutwa.

Hatua ya kwanza: andika mambo yako kwenye daftari

Daktari ana dakika chache na wewe una hadithi ya miezi, sasa ifupishe ukiwa nyumbani. Kikohozi kimeanza lini, ni kikavu au kina makohozi, makohozi yana rangi gani, kuna damu? Kifua kinapiga mluzi? Unaamka usiku? Kuna homa ya jioni, jasho la usiku mpaka shuka inalowa? Uzito nao, na kama huna mzani angalia kikoi kama kimeanza kukuzidi au bangili inachopoka yenyewe.

Halafu kazi, na hapa ndio watu hujisahau. Umepikia kuni miaka mingapi, ulikuwa unachonga mawe kule Maweni Manda, umechoma chokaa, umepiga msasa milango na fanicha, umesugua boti za faiba, unakata zege na vigae kwa mashine bila kufunika pua, yote andika. Mama ambae hajagusa sigara maisha yake yote anaweza kuwa na mapafu yaliyoharibika kama ya mvutaji wa miaka mingi kwa sababu ya jiko tu, na asiposema habari za jiko huenda hakuna atakaemuuliza. Sigara, shisha, bangi, na unga wa kuvuta pia sema, najua ni aibu kuyataja mbele ya watu, omba kuongea na daktari peke yake. Moshi wa heroini unaleta pumu kali na unaharibu mapafu ya vijana wadogo kabisa, na kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, Malindi ipo, mtu anaweza kusaidiwa.

Beba pia dawa zote unazotumia, zote kabisa. Kuna dawa za presha za jamii ya enalapril, lisinopril na captopril ambazo kwa watu wengine zinaleta kikohozi kikavu kisichoisha, na ukibadilishiwa kinapoa baada ya wiki kadhaa. Lakini tafadhali usiiache mwenyewe kisha ukapooza kwa presha, nenda ubadilishiwe.

Hatua ya pili: TB ipimwe kwanza

Ukikohoa wiki 2 na zaidi omba kipimo cha makohozi. Usingoje hata hizo wiki 2 kama una homa, jasho la usiku, unakonda, unaishi na HIV, au nyumbani kuna mtu mwenye TB. Hospitali za serikali hapa Kenya kipimo na dawa za TB ni bure, kwa hivo pesa isiwe sababu ya kukaa nyumbani.

Makohozi yenyewe yana namna yake manake watu wengi wanapeleka mate halafu majibu yanakuja kombo. Asubuhi ukiamka, kabla hujala, sukutua mdomo kwa maji matupu, toka nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu kisha kohoa kutoka chini ya kifua kabisa mpaka kitoke kile kizito, kijiko kimoja kidogo hivi kinatosha, funga kifuniko vizuri na upeleke siku hiyo hiyo. Mashine ya GeneXpert inamaliza kazi kwa kama saa 2 na inaonyesha pia kama wadudu wana usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, ingawa majibu kukufikia inategemea foleni ya maabara, sasa acha namba ya simu inayoshika.

Ikiwa ni TB, sio mwisho wa dunia na sio kurogwa, bakteria hawa daktari Mjerumani Robert Koch aliwatangaza tarehe 24 Machi 1882 na leo dawa zake zinaponya. TB ya kawaida ya mapafu hutibiwa miezi 6, dawa nne kwa miezi 2 ya mwanzo halafu dawa mbili kwa miezi 4. Shida ni kwamba wiki za mwanzo tu mtu anapata nguvu, anaona nshapona, anarudi baharini na dawa anaziacha ndani, na hapo ndipo usugu unapozaliwa. Kombe endelea kunywa, dua endelea kuombewa, habasoda na asali hakuna anaekukataza, ila vidonge visikatike hata siku moja. Na hakuna haja ya kumtengea mgonjwa sahani na kikombe chake, TB inapita hewani sio kwenye vyombo, fungueni madirisha, alale chumba chenye hewa, na wote mnaoishi nae mkapimwe.

Wale waliopona TB zamani na bado wanakohoa na kuchoka, nao nawaambia, inawezekana TB haikurudi bali ni makovu yaliyobaki kwenye mapafu. Mwambie daktari uliwahi kutibiwa na mwaka gani, manake GeneXpert inaweza kuonyesha mabaki ya wadudu waliokufa kwa mtu aliemaliza dawa si muda mrefu.

Hatua ya tatu: TB hakuna, usiondoke, uliza "basi ni nini?"

Hapa ndio wengi wanapotea, akiambiwa huna TB anashukuru Mungu anaenda zake, na kikohozi kiko vile vile.

Pumu inakuja na kuondoka. Leo uko mzima unapanda ngazi, kesho saa tisa usiku umekaa kitandani unatafuta hewa, na mara nyingi kuna kichocheo, mafua, vumbi, koga ya ukutani msimu wa kusi nyumba zikipata unyevu, mto na godoro la sufi lililokaa miaka, paka (na Lamu paka ndio wenyeji wa mji), manyoya na vumbi la punda. Wapo pia ambao aspirini au ibuprofeni inawabana kifua, jiangalie baada ya kumeza dawa ya maumivu.

COPD, yale mapafu yanayoharibika polepole kwa moshi na vumbi, ni kitu kingine. Huanza zaidi baada ya miaka 40, inakuja taratibu, kila mwaka pumzi inapungua kidogo, kikohozi na makohozi vya kila siku, kwanza unashindwa ngazi za nyumba ya mawe, baadae unashindwa hata kuoga bila kupumzika. Hapa njia za hewa zimeharibika na hazirudi kama zamani, lakini dawa zinapunguza sana mateso. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 iliua watu milioni 3.5 duniani, ya nne kwa kuua, na bado huku kwetu wengi wanaambiwa ni pumu ya uzeeni.

Kipimo cha kutenganisha hizi mbili ni spairometri. Unavuta pumzi yote, unapuliza kwenye mashine kwa nguvu mpaka kifua kiishe, kisha unapewa salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, unangoja kama dakika 15, unapuliza tena. Kama hewa ya sekunde ya kwanza bado iko chini ya asilimia 70 ya hewa yote hata baada ya dawa, daktari anafikiria COPD, na ikipanda vizuri anafikiria pumu. Uliza kama hospitali yako inayo, na kama haina omba barua ya rufaa, pengine utapelekwa Mombasa, na najua kutoka Lamu hiyo ni boti mpaka Mokowe halafu basi siku nzima, kwa hivo unganisha na picha ya kifua siku hiyo hiyo usisafiri mara mbili. SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, isiwe na matatizo, jisajili mapema kwa *147# kabla hujalala wodini.

Miguu ikivimba na huwezi kulala chali bila mito mitatu, moyo uangaliwe. Sauti ikikwama kwa wiki, damu kwenye makohozi, kukonda bila sababu kwa mvutaji, picha ya kifua haraka na usikubali antibayotiki nyingine kabla yake.

Hatua ya nne: inhela, na hapa tuelewane

Hakuna kitu kimewakosesha watu pumzi huku pwani kama ile imani kwamba ukianza inhela, kile kikopo cha dawa ya kuvuta, hutatoka, utaizoea, ni ya watu waliofika mwisho. Sio kweli. Kidonge kimoja cha salbutamoli cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipulizo 40 ya inhela, na hicho kidonge kinazunguka mwili mzima ndio maana mikono inatetemeka na moyo unaenda mbio, wakati inhela inapeleka kidogo tu pale pale inapotakiwa. Zile sindano za deksamethasoni na haidrokotisoni za kila mwezi ndizo za kuogopwa, zikirudiwa rudiwa zinapandisha sukari na presha na kulegeza mifupa.

Mara nyingi utaona rangi mbili. Ya buluu, salbutamoli, inafungua njia kwa dakika chache lakini haitibu uvimbe wa ndani. Ya kahawia, beklometasoni, inatibu uvimbe, haikupi nafuu hapo hapo, inataka kila siku asubuhi na jioni hata ukiwa mzima, na matokeo yake unayaona baada ya wiki. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu inasema mtu mzima asitibiwe kwa ya buluu peke yake. Sasa kama wewe una pumu na unatumia ya buluu zaidi ya mara 2 kwa wiki, pumu yako haijashikwa, rudi kliniki uulize habari ya kahawia au ile inhela ya mchanganyiko yenye budesonidi na formoterol. Mwenye COPD mpango wake ni mwengine, asikopeshwe inhela ya jirani.

Sasa kuvuta. Watu wengi ninaowaona wanapulizia ulimi, dawa inaishia mdomoni. Fanya hivi:

1. Kaa wima au simama, toa kifuniko, tikisa kopo vizuri.
2. Toa pumzi yote nje taratibu.
3. Weka mdomo, funga midomo isivuje, anza kuvuta pumzi polepole na hapo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae.
4. Shika pumzi ukihesabu mpaka 10, kisha iachie.
5. Kama ni mipulizo miwili ngoja nusu dakika hadi dakika, tikisa tena, rudia. Usibonyeze miwili pamoja.
6. Baada ya ile ya kahawia sukutua maji uteme, usipofanya hivo mdomo unaota utando mweupe na sauti inakwama.

Ukishindwa kuoanisha kubonyeza na kuvuta, na wazee wengi wanashindwa, tumia spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Kama ya dukani ni ghali au haipo, chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita inafanya kazi, watafiti wa Cape Town waliipima miaka ya 1990 wakaikuta inasaidia vizuri. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuisugua na kitambaa. Chukua waya, ukunje ufate umbo la mdomo wa inhela, uchome moto kisha utoboe kitako cha chupa tundu la kiasi hicho hicho, inhela iingie kwa kubana, na pembeni uzibe kwa gundi au tepu. Jaribu kwa kupulizia mipulizo kama 10 ndani kabla ya kuanza kuitumia ili plastiki isinyonye dawa yako. Kisha unaweka mdomo wako kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, vuta na kutoa pumzi taratibu mara 4 hadi 6 bila kutoa mdomo. Moja tu kila mara.

Kopo la mipulizo 200 kwa anaetumia miwili asubuhi na miwili jioni linakwisha siku ya 50, andika tarehe kwenye kopo kwa kalamu. Kuliweka majini uone kama linaelea hakukwambii kitu, na kulitikisa pia, gesi inabaki hata dawa ikiisha.

Hatua ya tano: moshi na vumbi upungue

Nyumba za zamani za Lamu zenye jiko juu ya paa chini ya makuti zina akili yake, moshi unapanda na upepo unauchukua. Tabu iko kwa jiko lililofungwa pande zote na kidirisha kimoja. Kama gesi haijawezekana kupikia vyote, basi angalau chai na vitu vya haraka viwe gesi, kuni ziwe kavu, sufuria lifunikwe, maharage yaloweshwe usiku yaive upesi, na jiko lipate matundu mawili yanayotazamana. Makaa yasilazwe chumbani kabisa hata mvua ikinyesha, ile gesi ya makaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Ubani na udi, nisieleweke vibaya, ni heshima ya nyumba zetu, lakini mwenye pumu atoke chumbani chetezo likipitishwa na madirisha yafunguliwe. Koili za mbu ndio mbaya zaidi, utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta koili moja inaweza kutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Neti inatosha, rudini kwenye neti. Na shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, wanaoificha vyumbani wanajitia moshi mwingi kwa saa moja kuliko sigara kadhaa. Kujifukiza kwa sufuria la maji ya moto chini ya blanketi kumewaunguza watu na mvuke mkali unaweza kukaza kifua cha mwenye pumu, acha.

Fundi, mwagia maji jiwe au zege kabla ya kukata, simama upepo ukikutoka mgongoni, na barakoa iwe ile ya kubana vizuri puani, leso haizuii vumbi dogo.

Hatua ya sita: fundisha pumzi na miguu

Pumzi ikikatika, vuta kwa pua ukihesabu mbili, toa kwa midomo iliyobanwa ukihesabu nne, hewa iliyokwama inapata njia ya kutoka. Ukipanda ngazi toa pumzi wakati wa kupanda, vuta ukiwa umesimama. Na kutembea usiache, asubuhi kabla ya jua kali pita ufuoni, anza na kidogo unachoweza bila kukatika kabisa na uongeze kila wiki, manake misuli ikilegea hata kazi ndogo inataka hewa nyingi.

Ramadhani

Kila mwaka kuna watu wanafika hospitali mchana wa Ramadhani kwa sababu waliacha inhela. Dawa ya asubuhi na jioni inaingia vizuri wakati wa daku na wakati wa kufuturu, panga na kliniki wiki chache kabla. Ukibanwa mchana tumia ya buluu papo hapo. Masheikh wana kauli tofauti kama inhela inafungua au haifungui, muulize unaemuamini, ila mgonjwa ruhusa yake imo ndani ya Surat al-Baqara aya ya 184, atalipa siku nyengine.

Hatua ya mwisho: mpango wa siku ya kubanwa, uandikwe ubandikwe ukutani

Mkalishe mgonjwa wima ainame mbele kidogo mikono juu ya magoti, usimlaze, na watu wasimzunguke. Buluu kwa spesa mipulizo 4, mmoja mmoja. Mkiona hakuna mabadiliko ndani ya dakika chache au hali inazidi, rudia huku safari imeanza, na njiani endelea kila dakika 20 mpaka mfike. Kama kuna kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, weka kidole kisicho na piko wala rangi ya kucha, piko nyeusi inaweza kuizuia mashine isisome, na kwa ngozi nyeusi mashine hizi huweza kuonyesha juu kuliko ukweli, kwa hivo ikisema 92 na mtu anahangaika, amini anavyohangaika.

Akitulia na kuruhusiwa nyumbani, apewe miadi ya ndani ya siku 2 hadi 7, aende na makopo yake yote na spesa yake, avute mbele ya muuguzi amuone anavyovuta, na daktari aangalie dawa ya kila siku kama inatosha au iongezwe.